Tumchangie Maalim mwezi mmoja wa matibabu Dar

Assalaam alaykum wazazi, majirani wa Ngamiani, na nyinyi mliosoma juzuu kwenye mkeka wa Maalim, popote mlipo sasa, iwe Mombasa au Muscat.

Wengi mmeuliza mbona Maalim amekonda hivi. Ameturuhusu tuseme. Kwa karibu miaka 2 alikuwa akishiba kwa matonge mawili, akiumwa hapa kwenye chembe cha moyo, nasi sote tukasema ni vidonda vya tumbo. (Mlioleta asali na shubiri, Mungu awalipe.) Alipopimwa kwa kamera na kukatwa vinyama kadhaa, majibu yakaja: limfoma ya MALT, saratani ya chembe nyeupe za damu iliyoota kwenye ukuta wa tumbo. Saratani hii haiambukizi; watoto waendelee kumpa mkono.

Ni adimu, na huenda polepole. Mara nyingi chanzo chake ni H. pylori, bakteria yule yule wa vidonda, na wagonjwa wa hatua za mwanzo, kama 3 katika 4, hupona kwa dawa za kumuua huyo bakteria tu. Maalim alimaliza dozi, bakteria akaisha, tukasubiri zaidi ya mwaka, kamera ikarudiwa. Uvimbe upo pale pale. Sasa anakwenda kupigwa mionzi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Jumatatu hadi Ijumaa, takriban wiki 4. Ugonjwa ukiwa bado haujatoka tumboni, kama wake, mionzi huuondoa kwa zaidi ya 9 katika 10. Tunalisema hili wazi kwa kuwa kuna aliyekwishauliza habari za sanda. Bado, jamani!

Mwanawe anakaa Mbagala, lakini mionzi ya tumbo huleta kichefuchefu na uchovu, na daladala za Mbagala mnazijua. Tunamtafutia chumba karibu na hospitali, chakula, nauli yake na mkewe, na akiba ya kamera za baadaye, maana hata akipona atafuatiliwa miaka. Makadirio ni shilingi 2,400,000. Mkononi tuna 610,000.

Mweka hazina yupo barazani pa madrasa kila siku baada ya Isha, na daftari liko wazi kwa yeyote. Walio mbali wapitishe kwa ndugu zao waliopo Tanga. Hatujatoa namba yoyote ya kutuma pesa, hivyo ukitumiwa namba si yetu. Safari ni baada ya wiki 3. Darasa la alasiri litashikwa na wanafunzi wake wakubwa mpaka arudi.