Mashoto niliyemkuta kwenye mchanga wako

Mwenzangu,

Salamu sana, mimi mzima kabisa. Najua nimekaa kimya, ila ule mchanga wa pwani ulioniletea kutoka Devon, Uingereza, ndo umenishika wiki nzima, we ulidhani umeniletea mchanga tu kumbe mna ganda la konokono bahari ambalo nimelitafuta miaka!

Nilimwaga kidogo kwenye sahani nyeusi nikawa nachambua kama mchele, lenzi mkono huu, kibrashi kilicholoa ncha mkono huu. Mengi ni vipande vilivyosagika. Halafu nikaona kitu cha kahawia, chembamba, milimita 5 hivi, kwa macho matupu utasema kijiti. Weka lenzi sasa. Kila mzunguko una vijinundu vimepangwa safu safu kama shanga, vinang'aa, nikakaa navyo mpaka shingo ikauma.

Ila kilichonishtua ni mdomo wake. Konokono karibu wote ukimshika ncha juu, mdomo umekuelekea, mdomo unakuwa kulia. Huyu uko kushoto. Mashoto! Na si kilema jamani, ukoo wao wa Triphoridae karibu wote wanajisokota hivyo. Jina lake Marshallora adversa, na hilo la adversa, yaani kama kusema aliyekwenda kinyume, alipewa na George Montagu, mtaalamu wa viumbe wa zamani, mwaka 1803 kwenye kitabu chake cha makombe ya Uingereza, na Montagu mwenyewe alikuwa anaishi Kingsbridge, hukohuko Devon ulikochota mchanga. Niliposoma hapo nilisimama kabisa.

Chakula chake ni sponji bahari, wale wanyama wenye vitundu wanaoganda kwenye mawe, ana mrija mrefu anaupenyeza kwenye vitundu vya sponji anakula kutokea ndani.

Sasa sikia ya ncha, maana hii ndo iliyonifanya nikuandikie usiku huu huu. Konokono hatupi ganda lake la utotoni, anaongezea tu pale mdomoni kadiri anavyokua, kwa hiyo ile ncha kabisa ndo ganda alilokuwa nalo akiwa kitoto kinaelea baharini, hajui mwamba wala sponji. Nimeiangalia kwenye hadubini, ni nyembamba, ina mizunguko kadhaa midogo mno, na nakshi yake haifanani kabisa na zile shanga za chini, halafu inafika mahali inakatika ghafla, shanga zinaanza. Hapo ndo alipotua chini. Yaani siku aliyoacha kuelea imebaki imeandikwa kwenye kitu kidogo kuliko punje ya mchele! Spishi ambazo watoto wao wanatoka kwenye yai wanatambaa moja kwa moja ncha zao huwa butu, nene, mizunguko michache, kwa hiyo hata ganda tupu linakwambia mwenyewe alikulia wapi.

Kulikuwa na la pili pia, ila ncha imevunjika, niliumia sana.

Hili zima nimelihifadhi ndani ya ganda tupu la kidonge na pamba kidogo. Tafadhali ukienda tena nichotee ule mchanga mzito wenye makombe unaokusanyika chini ya mawe, mfuko mdogo tu unatosha, na usiupitishe kwenye chujio, uanike hivyohivyo kivulini ukauke. Na unikumbushie ulichota sehemu gani, mawe yalikuwa na sponji au hukuangalia?

Mimi wako