Gari yangu haikuibiwa, ilivutwa, sasa mbona mlikaa kimya?

Mhariri, naomba nafasi kidogo maana roho inaniuma na nyumbani nimeshawachosha na hii stori.

Jumamosi iliyopita nilienda kwa fundi cherehani wangu hapa Ngamiani, Barabara ya 12, kujaribu gauni la harusi ya mdogo wangu, sasa mtaa umejaa bajaji na baiskeli huna pa kuchomeka gari, nikaona uwanja wa jengo moja duka limefungwa, nikaingiza IST yangu. Kibao hakuna, mlinzi hakuna, hata kamba hakuna. Nikakaa ndani kama dakika 40 maana gauni lilikuwa linabana mabegani. Kutoka, gari hamna! Pamebaki doa la oili na michirizi ya tairi kwenye mchanga. Ule msemo wetu wa waja leo waondoka leo sikujua unahusu na magari.

Nikajua nimeibiwa. Nikapanda boda mpaka kituoni nikaandikisha wizi, askari wa watu wakahangaika na mimi mpaka usiku, mume wangu anapiga simu Segera, anapiga Horohoro, watu wamwangalizie isije ikavushwa mpaka. Kesho yake ndo mama mmoja anayeuza mihogo pale jirani ananiambia, "Mwanangu, mbona gari yako ilibebwa na brekdauni, mi nikajua umewaita mwenyewe."

Kule yadi ya hao waliovuta naambiwa laki na nusu ya kuvuta na elfu thelathini ya kulala. Naomba risiti ya EFD, kijana anachana karatasi ya daftari. Nikalipa, ningefanyaje na harusi ile pale. Halafu IST ni otomatiki na inavuta kwa mbele, wao wakanyanyua nyuma, tairi za mbele zikaburuzwa njia nzima, fundi wangu kaikagua gia boksi akatikisa kichwa tu.

Sikatai, kiwanja ni cha mtu na mimi niliingia bila hodi. Ila Katiba yetu ibara ya 24 inayomlinda yeye na kiwanja chake ndo hiyo hiyo inanilinda mimi na gari yangu.

Shemeji yangu yuko California, nilivyomsimulia akacheka kwanza. Anasema kwao mwenye eneo anayetaka kuvutisha magari ya watu hovyo hovyo hawezi, njia ya kawaida ni aweke kibao kwenye kila mlango, kisipungue inchi 17 kwa 22, herufi zisipungue inchi moja, na namba ya simu ya polisi iwepo na ya kampuni inayovuta. Ukitokea wakati gari imeshafungwa kwenye brekdauni lakini haijatoka eneo lile wanatakiwa wakuachie hapo hapo, na hawaruhusiwi kukutoza zaidi ya nusu ya bei ya kuvuta. Na ikishatoka, ndani ya nusu saa polisi wawe wamepigiwa. England na Wales ndo wamekaza kabisa, tangu Oktoba 2012 kufunga mnyororo au kuvuta gari ya mtu kwenye eneo binafsi bila mamlaka ya kisheria ni kosa la jinai.

Mimi sijafika huko jamani. Madiwani wetu wa jiji nawaomba kitu kimoja tu kwenye sheria ndogo, hiyo simu ya kuwajulisha polisi gari ikivutwa. Dakika mbili! Unataja namba ya gari, unataja yadi, basi. Bei tutagombana baadaye, hata kibao tutagombana baadaye, lakini mtu asilale macho akijua kaibiwa wakati gari yake ipo kilometa tatu kutoka kitandani kwake.

Jumatatu ilibidi nirudi kituoni kufuta ile taarifa ya wizi, na yule askari aliyezunguka na mimi usiku ananiangalia kama mimi ndo nilimdanganya.

Mwenye IST,
Makorora, Tanga