Tapeli alijifanya mimi, wala hakupata shida

Ndugu Mhariri,

Msomaji mmoja aliandika katika ukurasa huu wiki iliyopita akitaka mitandao ya kijamii ifungwe kwa sababu inaua undugu. Barua yake nimeisoma mara mbili, nimekaa barazani na gazeti mkononi, na nusura nimuunge mkono, maana mwezi Machi mwaka huu nilichukuliwa sura yangu mtandaoni ikaenda kuombea hela. Lakini naona amemkamata asiyehusika. Naomba nafasi nieleze.

Mimi ni mstaafu wa reli, nilikuwa karani wa mizigo stesheni ya Tabora. Wenye umri wangu huenda wananifahamu bila kunijua: nilikuwa mtuma salamu. Miaka ya mwisho ya 1980 mshahara ukitoka, kabla sijanunua hata sukari, natenga hela ya kadi za salamu na stempu. Kwenye kadi unajaza jina lako na anwani, unaorodhesha unaowasalimu, chini unaweka ujumbe, kisha unaituma Redio Tanzania, Barabara ya Pugu, Dar es Salaam. Halafu unasubiri. Wiki tatu, mwezi. Siku mtangazaji anaposema "Simba wa Reli wa Tabora", mtaa mzima wa Ng'ambo unapiga kelele, na mke wangu anajifanya hakusikia.

Sasa huyo Simba alikuwa wa kujipachika. Mimi ni mwembamba, hata sare ya kazi ilikuwa inanipwaya. Mwaka 1991 treni ya Kigoma ilisimama usiku, akateremka bwana mmoja mnene, kabeba kifurushi cha chumvi na jogoo kwenye tenga, anauliza kila mtu Simba wa Reli yuko wapi. Alikuwa Chumvi wa Uvinza. Tulikuwa tumesalimiana redioni miaka minne na hatujawahi kuonana. Nikajitambulisha. Akanitazama juu mpaka chini chini ya ile taa ya stesheni, akacheka mpaka jogoo akaanza kupapatika: "Nimesafiri usiku kucha kumfuata simba, kumbe paka!" Alikaa kwangu siku tatu. Mwanangu wa pili alipozaliwa, alikuja tena.

Nayasema haya kwa sababu yule msomaji anaongea kana kwamba kujipa jina na kujionyesha vimeletwa na vijana wa Instagram. Sisi tulikuwa tunajipamba kwa kadi na stempu. Wako waliojiita matajiri na hawana baiskeli.

Na mtandao huo anaotaka ufungwe ndio ulionirudishia Chumvi. Tulipotezana reli ilipoanza kusuasua na mimi nikapunguzwa kazini. Mwaka 2019 mjukuu wangu alinifungulia Facebook, nikaandika jina langu la redioni badala ya jina la kwenye kitambulisho, akakasirika sana. Hazikupita wiki mbili nikapata ujumbe wa mwanamke aliyeko Kigoma: "Samahani mzee, wewe ndiye yule paka?" Ni binti yake. Baba yake alifariki mwaka 2011. Nilikaa na simu mkononi hadi giza likaingia. Alinitumia picha ya kadi zangu mbili ambazo baba yake alizihifadhi kwenye bati la majani ya chai, mwandiko wangu wa ujana, wino wa bluu.

Turudi Machi. Mtu alichukua picha yangu ya mahafali ya mjukuu, ile niliyovaa koti la kijivu, akaiweka kwenye namba nyingine na kumwandikia mpwa wangu wa Arusha: "Hii ndiyo namba yangu mpya, ile ya zamani imepotea." Mpwa ndiye admini wa kundi letu la ukoo, tuko watu 87. Akamwingiza. Asubuhi iliyofuata tapeli akatuma waridi lenye maneno "Asubuhi njema, Mungu akutangulie". Kesho yake sala ndefu. Keshokutwa picha ya mawio ya jua. Siku ya nne akamfuata mpwa faraghani: shangazi yako amelazwa, nahitaji laki mbili na nusu, ile hela tuma kwenye namba hii.

Mpwa alipotaka kutuma, likatokea jina la mwanamke asiyemfahamu. Akauliza, "Mjomba, mbona jina la mwanamke?" Akajibiwa, "La wakala huyo, fanya haraka." Akatuma. Ni mtu mwenye shahada mbili.

Namba ile nimeituma 15040 kama TCRA, ile mamlaka ya mawasiliano, wanavyoelekeza, na polisi nimekwenda. Hilo nawaachia wenye kazi yao. Kinachoninyima usingizi ni kingine. Niliporudi kundini kwa namba yangu nikaandika "mimi ndiye mimi", hawakuniamini. Mmoja akataka nitume sauti. Nikatuma. Mwingine akasema sauti siku hizi zinatengenezwa na akili mnemba. Mzee mzima, nimewabeba mgongoni nusu ya watu wale, naulizwa nithibitishe!

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikapandisha kundi lile juu, taratibu, nikitafuta nilichowahi kuandika tangu mwaka uanze. Waridi. Sala. Video ya daktari nisiyemjua anayesifia kitunguu saumu. Waridi tena. Vyote nilitumiwa na wengine, nami nikavipeleka mbele bila kuvisoma hadi mwisho. Binamu yangu wa Urambo alipofiwa na mwanawe, nilibandika ile "Pole sana, bwana alitoa na bwana ametwaa" niliyoikuta imeandikwa na aliyenitangulia, mpaka ile herufi ndogo ya "bwana" aliyokosea nikaiacha vilevile. Sikumpigia. Tapeli hakuhitaji kujifunza kuandika kama mimi, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa siandiki. Enzi za kadi nilikuwa na nafasi ya maneno kumi tu, na ningeweza kukaa nayo jioni nzima nikikata na kuandika upya.

Aliyemgundua ni dada yangu mkubwa, yuko Nzega, ana miaka 74 na simu yake ni kitochi. Tapeli alipata namba yake kundini, akampelekea ujumbe wa kawaida. Mjukuu akamsomea: "Shikamoo dada, nina shida, naomba unisaidie." Dada akasema huyo si mdogo wangu. Mtoto akabisha, bibi, kajitaja jina kabisa. Dada akamjibu kwamba mdogo wake huanza na "mwangaluka", salamu yetu ya asubuhi, hata kama ni saa kumi jioni, na hajawahi kumwomba kitu kabla hajauliza mguu unaendeleaje. Kisha akaniita kwa namba yangu ya zamani. Nilipopokea tu, akauliza, "Umelala njaa au umeibiwa?"

Mama huyo ndiye mama mzazi wa mpwa wa Arusha. Mtoto anajua picha yangu, mama yake anajua ninavyouliza mguu. Mimi na huyo kijana tulikuwa tunaonana kundini kila siku ya Mungu, lakini nilipomuuliza mara ya mwisho kusikia sauti yangu ni lini, akakumbuka ilikuwa kwenye msiba wa mwaka juzi.

Kwa hiyo kufunga mitandao sikubaliani nako, na yule binti wa Kigoma angebaki na kadi zake kwenye bati bila kujua mwenyewe yuko hai. Ila kundi letu tumeweka utaratibu: mwenye namba mpya haingizwi mpaka apigiwe simu na mtu mmoja mzima wa ukoo, waongee. Nami waridi nimeacha.

Mhariri, kama nafasi imebaki, naomba unitumie salamu, sijatuma siku nyingi. Zimwendee dada mkubwa wa Nzega, mpwa wa Arusha, binamu wa Urambo, na binti wa Chumvi popote alipo Kigoma. Ujumbe: Jumapili saa kumi nitawapigia mmoja mmoja, mpokee.

Simba wa Reli,
Ng'ambo, Tabora