Kwa nini yai linasambaa majini, na chujio la tui linavyookoa

Jumapili asubuhi ndiyo siku ya picha. Mteja anatutumia sufuria kwenye WhatsApp: maji yamekuwa meupe, nyuzinyuzi za ute zinaelea kila upande, kiini kimebaki peke yake chini. Chini ya picha kuna swali: "Jamani, haya mayai yenu yameharibika?" Hayajaharibika. Mteja alikuwa anajaribu yai la kuchemsha bila ganda, lile la hotelini ambalo ukilichoma uma kiini kinamwagikia mkate, na yai likamsambaratikia.

Wengi wakishafikishwa hapo hukimbilia kununua kifaa. Sisi tunauza mayai, vifaa hatuuzi, kwa hiyo tuseme ukweli: tatizo huwa liko kwenye yai lenyewe, na dawa yake huenda tayari imening'inia ukutani jikoni kwako.

Chukua yai moja ulipasulie kwenye sahani bapa. Tazama vizuri ute. Sehemu moja ni nzito, imesimama na kukizunguka kiini. Sehemu nyingine ni nyepesi kama maji, inatiririka hadi ukingoni mwa sahani. Ule mwepesi ndio unaogeuka nyuzi ukigusa maji ya moto. Kila yai unao, hata lililotagwa leo, ila kadiri siku zinavyopita unaongezeka. Ganda la yai lina vitundu vidogo kwa maelfu, na hewa ya kaboni dayoksaidi iliyomo ndani hutoka kupitia humo polepole. Ikitoka, ute mzito hulegea na kuwa mwepesi. Kwenye friji jambo hilo huenda taratibu. Kwenye joto la Dar, trei likikaa rafuni karibu na dirisha lenye jua, huenda mbio. Wanaopima ubora wa mayai wana kipimo cha Haugh, kilichotolewa Marekani mwaka 1937, na hicho kinachoangalia ni hilohilo: urefu wa ute mzito ukilinganishwa na uzito wa yai.

Sasa chujio. Lile la kuchujia tui la nazi linafaa sana. La chai ni dogo, kiini kinaweza kubanwa na kupasuka. Lisuuze, liweke juu ya bakuli, pasulia yai humo taratibu, litikise kidogo. Ndani ya nusu dakika utaona ute mwepesi umechuruzika chini, na juu kimebaki kiini na ute wake mzito. Kilichobaki kimimine kwenye kikombe, na ule ute wa bakulini usiutupe, changanya kwenye mayai ya kukaanga. Hakuna kifaa cha dukani kinachoshinda hatua hii. Hata yai la wiki nzima litakushangaza.

Kwenye maji, kosa ni moto. Ute huanza kushika kwenye nyuzi joto 62 hivi, kwa hiyo maji yanayotokota kwa nguvu hayakusaidii kitu, yanalipigapiga yai tu. Yachemshe, halafu punguza gesi mpaka mapovu makubwa yaishe, yabaki yale madogo yaliyong'ang'ania chini ya sufuria. Sogeza kikombe hadi kiguse maji, kiinamishe, yai liteleze lenyewe. Dakika tatu hadi nne kiini kinakuwa cha kumwagika. Ukifikisha sita kimeshika. Mayai ya kienyeji ni madogo, yapunguzie kidogo. Opoa kwa upawa wenye matundu na uliweke juu ya kitambaa safi kwanza, maana maji yakibaki yanalowesha mkate.

Anayepika kwa mkaa hawezi kupunguza moto kwa kitufe, lakini ana njia nyepesi zaidi: maji mengi, lita moja na nusu, yachemke barabara, epua, subiri kidogo yatulie, tumbukiza yai, funika, acha dakika nne au tano. Joto lililobaki linamaliza kazi.

Siki? Inasaidia ute kushika haraka, kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja kinatosha. Ukizidisha, yai linakuwa na ngozi ngumu na ladha ya kachumbari. Kuyakoroga maji yazunguke kama kwenye video kunawezekana kwa yai moja. Ukiwa na watu wanne mezani ni mateso. Kama ulishachuja, yote mawili unaweza kuyaacha.

Kuhusu vifaa: vile vikombe vya silikoni na masufuria yenye vibakuli hupika yai kwa mvuke. Linatoka na umbo la kikombe, ute wake mkavu zaidi. Si baya, na kwa wenye nyumba ya watu wengi ni rahisi, mradi vikombe upake mafuta. Kulifunga yai kwenye nailoni na kulichemsha humo sisi hatushauri. Unapata yai lenye mikunjo na plastiki ya moto mkononi.

Kuna jambo ambalo baadhi ya wateja hawalipendi tukilisema. Kwa pishi hili mayai ya kienyeji mara nyingi hushindwa na ya kisasa. Kiini chake ni kizuri, hatubishi, lakini kuku wa kienyeji hatagi kila siku. Mama wa kijijini hukusanya kidogokidogo mpaka trei lijae, kisha kuna gari la mnada, kisha dalali, kisha mjini. Yai la kisasa la shamba la jirani linaweza kuwa la jana. Kama moyo wako uko kwa kienyeji, chuja bila huruma.

Na kiini kibichi si cha kila mtu. Wajawazito, watoto wadogo, wazee na wagonjwa wapikie mpaka kiini kishike, kwa sababu ya salmonela, vijidudu vya kuharisha vinavyoweza kuwa kwenye yai bichi. Yai lenye ufa usilitumie hapa kabisa. Na tafadhali, mayai usiyaoshe kabla ya kuyahifadhi: unaondoa utando unaolinda vile vitundu. Yafute tu, ukitaka kuosha subiri wakati wa kupika.

Ukiagiza kwetu, andika kwenye ujumbe kwamba unataka ya kuchemsha bila ganda, tukutolee trei jipya kuliko yote tuliyonayo siku hiyo. Likifika liingize friji, ncha nyembamba ikiangalia chini. Siku za mwanzo yatumie kwa pishi hili, katikati ya trei fanya chipsi mayai, na yatakayokaa wiki mbili yachemshe na ganda lake, kwani hayo ndiyo yanamenyeka bila kung'oka nyama. Anayetuomba trei la mayai mapya kabisa kwa ajili ya kuuza mayai ya kuchemsha jioni, huyo tunamshauri achukue lile la wiki iliyopita.