Barua kwa Mjomba kuhusu ukumbi unaogeuzwa hospitali

London,
12 Julai 2020

Kwa Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Baada ya salamu, nakuarifu kuwa mimi na watoto tu wazima, alhamdulillahi.

Mama amenieleza kwa simu kwamba umeteuliwa katika kamati ya kuugeuza ukumbi wa mji kuwa hospitali ya muda ya wagonjwa wa korona, ili kaunti yetu ifikishe vitanda 300 vilivyoagizwa na serikali, na kwamba magodoro yameshaanza kuteremshwa. Nimeona nikuandikie kabla fedha hazijaishia kwenye vitanda, kwa sababu mwezi wa Aprili nilipangiwa zamu kadhaa katika hospitali ya namna hiyo hapa London.

Hospitali hiyo, iliyopewa jina la Nightingale, iliwekwa ndani ya ukumbi wa maonyesho wa ExCeL, mashariki mwa jiji. Wanajeshi pamoja na mafundi wa kila aina waliitengeneza kwa siku 9, ikafunguliwa tarehe 3 Aprili ikiwa na vitanda takriban 500, na mpango ulikuwa kufikisha 4,000. Nilipoingia mara ya kwanza nilisimama kimya, maana safu za vitanda zilikwenda mpaka macho yakachoka kuzifuata. Kazi kubwa zaidi ilikuwa imefichwa nyuma ya viambaza, ambako mabomba ya oksijeni na nyaya za umeme zilifikishwa kwenye kichwa cha kila kitanda.

Hata hivyo, katika wimbi lile walitibiwa humo wagonjwa 54 tu, na katikati ya Mei ikasimamishwa. Sisemi kwamba walikosea kuijenga. Mwezi wa Machi tuliogopa kwamba watu wangefia kwenye korido, na hofu ile ilikuwa ya haki. Lakini hospitali za kawaida zilipanua wadi zao za mahututi, zikawachukua wagonjwa walio wengi, na wauguzi wakawa ndio hao hao wa kugawana. Kwa kawaida mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia huwa na muuguzi wake mmoja. Pale ilipangwa muuguzi mmoja mzoefu asimamie wagonjwa 6 kwa msaada wa wenzake wasio wa fani hiyo. Wadi niliyotoka mimi ilibaki na pengo, na wenzangu wakahudumia wagonjwa watatu watatu. Ukumbi hutengenezwa kwa siku 9, Mjomba, lakini muuguzi wa mahututi hafunzwi kwa siku 9.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa kamati liwe hili: ni mgonjwa gani atakayelazwa humo? Kule Wuhan, China, viwanja vya michezo na kumbi 16 zilitengwa kwa wagonjwa wenye dalili nyepesi pekee. Zikapokea zaidi ya watu 12,000, na tarehe 10 Machi za mwisho zikafungwa. Ukumbi wenu unafaa kwa kazi hiyo. Kila mgonjwa apimwe oksijeni kwa kile kifaa cha kubana kidoleni mara kadhaa kwa siku, na gari la wagonjwa lisiondoke mlangoni, ili anayeanza kuzidiwa apelekwe hospitali kuu mapema.

Mkiamua kuwapokea wanaohitaji oksijeni, pigeni hesabu kwanza. Anayevuta lita 10 kwa dakika humaliza mtungi mkubwa wa lita 6,800 kwa saa 11 hivi. Wakiwa kumi, ni mitungi zaidi ya 20 kwa siku, nanyi mnategemea lori kutoka Mombasa. Mlango wa kuingilia wauguzi usiwe ule wa kutokea, na pawe na mahali pa kuvulia mavazi ya kinga penye maji ya bomba. Kwa joto la pwani, atakayevaa plastiki kutwa ataanguka, basi zamu ziwe fupi.

Jambo moja halimo kwenye michoro. Ndugu hawakuruhusiwa kuingia, na usiku mmoja nilimshikia simu sikioni mzee asiyeweza kujibu huku binti yake akimsomea dua. Tafadhali tengeni simu na mtu wa kupiga kila jioni kwa kila familia.

Naomba unitumie idadi ya wauguzi mlioahidiwa, wa mchana na wa usiku, kabla mkutano wenu ujao haujafika. Nikiipata nitakupigia siku hiyo hiyo.

Msalimie Shangazi na wote nyumbani.

Ni mimi mpwa wako.