Kwa Maganga, kuhusu lile jenereta la mnadani

Ujiji, Kigoma
Jumapili jioni

Ndugu yangu Maganga,

Barua yako ilinifikia Alhamisi pamoja na ile asali. Asali imekwisha. Barua nimeisoma mara tatu, na mara zote nimekwama pale unaposema fundi ameshaanza kufungua boliti za nyuma ili atoe koili zikasukwe upya. Mwambie ashushe spana. Kama kifuniko kimeshatoka, akirudishe.

Nilivyokuelewa ni hivi: umenunua mnadani Dar jenereta la jeshi la Marekani lililokaa ghalani miaka usiyoijua, ukalipandisha treni hadi Tabora. Injini inawaka, mlio umetulia, ila sindano ya volti imelala kwenye sifuri. Fundi kasema koili zimeungua. Zimeungulia wapi, Maganga, na jenereta lilikuwa limelala?

Nina swali moja tu. Ukiwasha, ile swichi kubwa unaishikilia kwa muda gani? Nakujua wewe. Injini ikishika tu unaachia, kama ufunguo wa gari. Jenereta nyingi za jeshi lile hazitaki hivyo. Chuma cha ndani huwa kinabaki na kasumaku kidogo tangu siku ya mwisho ya kazi, na umeme wa kwanza unazaliwa na kasumaku hako. Likilala miaka, kasumaku hufifia. Kwa hiyo waliolitengeneza waliweka njia ya betri kulirushia umeme kidogo kuliamsha, na njia hiyo hufunguka swichi ikiwa bado kwenye START. Ukiachia mapema injini itazunguka mpaka dizeli iishe na hutapata hata umeme wa kuchaji simu. Shikilia mpaka mwendo ukamilike na sindano ipande, ndipo uachie.

Ukifanya hivyo na bado kimya, kagua nyaya za betri, fyuzi na relei. Kuna mafundi wa kuamsha sumaku kwa betri ya nje. Hilo usilifanye kwa kusoma barua yangu. Ukichanganya chanya na hasi, au ukisahau kutenga kile kidude kinachodhibiti volti, hapo ndipo utakuwa na jenereta bovu kweli.

Sasa angalia paneli hiyohiyo. Kuna swichi yenye kifuniko, imeandikwa BATTLE SHORT. Hiyo ni ya vitani. Ukiiwasha, unaiambia injini isijizime hata oili ikiisha, hata ikichemka, maana vitani afadhali injini ife kuliko redio izimike. Wewe unakoboa mpunga. Mzee mmoja wa Kibirizi mwenye mashine ya barafu alikuwa na jenereta la aina hiyo. Likawa linajizima kila baada ya dakika kumi. Fundi wake akagundua swichi ile, akaiwasha, likanguruma usiku kucha, akalipwa na akala migebuka ya bure. Kufika alfajiri krenki imeng'ang'ania. Lilikuwa linajizima kwa sababu oili ilikuwa chini ya alama ya geji. Lita mbili tu zingetosha. Nililia mimi, mzee mwenyewe alikuwa amekaa tu anaangalia ziwa.

Nije kwenye habari itakayokuudhi. Nisomee kile kibati cha ubavuni. Naamini kimeandikwa 60 Hz, yaani umeme unapiga mara 60 kwa sekunde, na mizunguko 1800 kwa dakika. Umeme wetu ni 50, nao unataka mizunguko 1500. Mota yako ya kukobolea ukiichomeka hapo itakimbia zaidi kwa sehemu moja ya tano, na mkanda na beringi vitalijua hilo kabla yako. Fundi atakwambia shusha gavana, kile kidude kinachodhibiti mwendo wa injini, mpaka 1500, basi. Ni kweli utapata 50, lakini uwezo wa jenereta unashuka, na kidhibiti volti kitazikamua koili zitoe volti ileile kwa mwendo mdogo. Zitapata moto. Hapo fundi wako atakuja kusema, "Si nilikwambia koili zimeungua?" Yapo yaliyotengenezwa kwa 50 na 60 zote, ndiyo maana nataka kibati na si maneno ya dalali.

Halafu volti. Kwao nyumbani wanatumia 120, sisi 230. Kama lako lina swichi ya kuchagua volti, mara nyingi kuna nafasi ya 240 ya njia moja (fezi moja); hiyo inafaa taa na vitu vya kupasha moto. Ila fundi ajue kwamba hapo nyaya zote mbili zina umeme, hakuna nyutro, ule waya wa kurudishia umeme, ya kushika kwa mazoea. Kwa mota yako ya njia tatu ya volti 400, nafasi hiyo sahau. Na ukiliachia taa nne peke yake usiku kucha nalo halipendi: dizeli haiungui yote, bomba la moshi linaanza kutoa ute mweusi kama lami. Mara mojamoja lipe mzigo wa kueleweka, angalau nusu ya uwezo wake, saa moja au mbili.

Usidhani nakusema kwa kujiona. Ile Land Rover 109 yangu, ya jeshi la Waingereza, iliyofungwa kwa ajili ya redio, nimeila hasara mwenyewe. Gari lile ni la volti 24, betri mbili za 12 zimeungwa mfululizo. Nikataka redio ya kusikilizia mpira. Fundi akachukua waya kwenye betri moja, 12 safi, redio ikaimba. Miezi miwili baadaye betri ya chini, ile iliyochukuliwa waya, haishiki chaji, ya juu inachemka, maji yanakauka kila wiki. Nikanunua altaneta. Altaneta nyingine, Maganga! Kumbe altaneta inaona jumla tu, 28 hivi, inaridhika. Haijui kwamba moja ina 13 kasoro na nyingine imepanda hadi 15. Siku niliyopima kila betri peke yake kwa mita ndipo nilipoujua ujinga wangu. Nimeweka kipunguza volti, kama walichonacho madereva wa Scania, na tangu hapo betri zimetulia. Balbu pia nanunua duka la vipuri vya malori, maana volti ni ileile.

Na chini ya gari, nyuma, kuna kataa kadogo kanakomulika difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, na difu imepakwa rangi nyeupe. Miaka miwili najua ni ya kukagulia oili usiku. Kumbe ni ya msafara: taa nyingine zinazimwa, dereva wa nyuma anafuata ule weupe. Nilikuwa nimeacha swichi hapo, fundi akachana nyaya zote za nyuma akitafuta kwa nini taa haziwaki.

Kabla ya kuliwasha tena mwaga dizeli yote ya zamani, badilisha oili na filta, kagua mipira ya mafuta kama imepasuka. Lililolala halikulazwa vizuri. Hapa kwetu tuna meli ya Liemba. Wajerumani walipoizamisha 1916 walikwisha kuipaka mitambo yake grisi nzito kwa nia ya kurudi kuichukua. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikawa inabeba abiria. Muuza mnada wako sidhani kama alipaka hata ya kulainishia bawaba.

Jirani yangu anasema kwa kuwa ni la jeshi litakunywa chochote, hata mawese. Kasikia habari za M35A2, lori la jeshi la Marekani, ambalo kweli injini yake ilitengenezwa ikubali mafuta ya aina nyingi. Lako si lori hilo. Na mawese ya Kigoma asubuhi ya baridi yameganda kwenye chupa, sembuse kwenye filta.

Niandikie yaliyo kwenye kibati, herufi kwa herufi, na sindano imesoma ngapi ukiwa umeshikilia swichi. Treni ijayo nitamtumia kijana wa stesheni mita yangu ya kupimia; irudi, ile ya kwanza bado iko kwako. Asali pia, kama imebaki.

Msalimie shemeji na watoto.

Wako,
Hamisi