Athmani, Fulana Zingoje

Cardiff, Jumapili usiku

Mdogo wangu Athmani,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Shilingi 85,000 za Siku ya Huduma ya chama chenu nimezisikia, na nimesikia pia kwamba 38,000 kati yake ni fulana, bango na mpiga picha. Nakujibu kwa barua kwa sababu kwenye simu utanikatiza, na Mama ataichukua atupatanishe kabla sijamaliza. Leo wacha nimalize.

Pesa nitatuma, lakini si kwa fulana. Zile za mwaka jana nilizituma kwa miwani. Wazee waliandikwa majina pale baraza la msikiti, wakaambiwa warudi Jumamosi ifuatayo, na Jumamosi hiyo hakuna aliyefika na miwani. Fulana za manjano zilipatikana. Jambo hili limenikaa kifuani mwaka mzima, na nakwambia wewe kwa kuwa wewe ndiwe mweka hazina. Ami, mwenyekiti wenu, nitamwandikia barua yake.

Kwanza hesabu, maana hapo ndipo chama kilipovunjika mguu. Klabu yangu hapa ni ya Lions, jumuiya iliyoanzishwa Chicago mwaka 1917 na wakala wa bima aitwaye Melvin Jones, na kanuni yao moja ningependa muichukue kama ilivyo. Mifuko ni miwili na haichanganywi. Mfuko wa uendeshaji hutokana na ada za wanachama: ndio hulipa chai ya mkutano, kuchapisha karatasi, kodi ya ukumbi, na hizo fulana mkizitaka sana. Mfuko wa huduma hutokana na michango ya watu, na kila senti yake hurudi kwa watu. Mtu wa Kongowea akitoa shilingi 200 za miwani, shilingi hizo hazinunui hata chupa ya maji ya mwenyekiti. Nyinyi mna namba moja ya simu ya kupokelea pesa, yako, na kila kitu chaingia humo pamoja na pesa zako za duka. Hata uwe mwaminifu vipi, ukiulizwa huna la kuonyesha.

Fungueni akaunti mbili za benki. Watia saini wawe watatu, wawili kati yao watoshe kutoa pesa, na wasiwe wa nyumba moja. Wewe na Ami hamuwezi kuwa wote wawili. Kila mkutano usome salio la kila mfuko kwa sauti, kiasi na tarehe, na katibu aandike. Risiti zibandikwe kwenye daftari siku ile ile, kwa sababu zile karatasi za mashine hufifia kwa joto letu. Baada ya miezi mitatu huoni kitu. Zipige picha.

Wana cheo kingine hapa kinachonifurahisha, wenyewe hukiita msokota mkia. Kazi yake ni kuchangamsha mkutano na kutoza faini ndogo: aliyechelewa, aliyeacha simu ilie, aliyesahau beji. Mwanachama hatozwi zaidi ya mara mbili katika mkutano mmoja, na msokota mkia mwenyewe hatozwi mpaka wote waliohudhuria wakubali. Faini huenda mfuko wa uendeshaji, papo hapo, mkononi mwa mweka hazina. Kwenu mpeni kazi hiyo Mwanaisha. Ataujaza mfuko kwa wiki mbili.

Na mwambie Mama kwamba tangu Julai 1, siku mwaka wa klabu unapoanza, mweka hazina hapa ni mimi. Watu 31, wengi wao wamezaliwa mji huu, na daftari wamenipa binti wa Kibokoni. Mwambie kwa sauti, na Shangazi awepo.

Sasa damu. Hiyo ndiyo huduma iliyo karibu nanyi kuliko zote, na ndiyo mnayoiharibu kwa kuitaka iwe sherehe. Mfuko mmoja wa damu ni mililita 450. Ukihifadhiwa kwenye nyuzi 2 hadi 6, chembe nyekundu hukaa siku 35 hivi. Zile chembe za kugandisha damu hukaa siku 5 tu. Kwa hivyo mkiwakusanya watu 200 siku moja ya Desemba, kufika Februari hakuna tone lililobaki, na mama aliyejifungua Februari damu humtoka vile vile. Wakusanyeni 60, muwagawe mafungu manne ya watu 15, kila mwezi fungu moja. Mwanamume huruhusiwa kutoa tena baada ya miezi 3, mwanamke baada ya miezi 4. Kwa mafungu manne kila mtu atakuwa ametimiza muda zamu yake ikirudi, na hamuhitaji kuhesabu vidole.

Angalieni na kalenda. Watoaji wengi wa damu Kenya ni wanafunzi wa sekondari. Shule zikifungwa Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka, damu hupungua, basi miezi hiyo ndiyo msikose kabisa. Ramadhani msiwaite watu mchana. Wekeni baada ya futari, mtu akiwa amekula na amekunywa maji ya kutosha, na ukumbi uwe jirani na msikiti ili waliotoka tarawehe wapitie.

Kituo cha damu cha kanda huleta wauguzi, mifuko, vitanda na mashine. Waandikieni mapema, wiki tatu au nne, na wapigieni tena siku mbili kabla. Kazi yenu ni mahali na watu. Ukumbi uwe chini, si ghorofani, maana aliyetoa damu hashuki ngazi peke yake. Feni ziwepo na umeme uwe wa uhakika. Meza zipangwe kwa mzunguko mmoja ili anayetoka asigongane na anayeingia: daftari la majina, mizani, kipimo cha wekundu wa damu (hemoglobini), presha, maswali, kitanda, kisha chai. Meza ya maswali ndiyo husahauliwa. Mtu huulizwa mambo ya siri pale, na hatasema kweli mama mkwe akiwa kiti cha pili. Tundikeni leso mbili kwenye kamba, zatosha kuwa pazia. Mtu wenu wa chama asikae ndani ya pazia hilo hata dakika moja.

Wanaofaa ni wa miaka 16 hadi 65, kilo 50 kwenda juu, wekundu wa damu usiopungua gramu 12.5 kwa desilita. Mjamzito na anayenyonyesha wapumzike. Aliyeumwa malaria hivi karibuni aseme, muuguzi ndiye ataamua. Wapo watakaorudishwa, na hapo ndipo chama huvuna maadui. Mtu kaja na moyo wake, kaambiwa hafai mbele ya watu. Mwekeni mtu mmoja mpole, si wewe, wa kumkalisha, kumpa chai sawa na wenzake na kumweleza lini arudi. Bibi angeliweza kazi hiyo kuliko nyote.

Wanaozirai mara nyingi ni waliokuja na njaa au waliosimama juani kwenye foleni. Kila mtu anywe nusu lita ya maji kabla, na foleni iwe ya viti kivulini. Akishatoa, akae dakika 15 mnamtazama. Siku hiyo asibebe mizigo kwa mkono ule. Mabaharia na wapagazi wa Marikiti waambieni mapema ili wachague siku yao ya mapumziko. Chai ya watu 60 ni lita 12, nusu yake maziwa, sukari kilo moja na nusu. Na mahamri, tafadhali, ya Bi Rukia, yenye iliki. Hapa hutoa biskuti kavu na mimi huzila huku nikiyawaza hayo.

Miwani. Mwaka 1925 Helen Keller, aliyekuwa kipofu na kiziwi, alisimama mbele ya mkutano wa Lions huko Ohio akawaomba wawe watetezi wa vipofu. Tangu hapo macho ndiyo kazi yao kubwa. Kwa hivyo hili nalijua vizuri, Athmani, nisikilize. Usiniombe tena gunia la miwani ya zamani. Miwani iliyotengenezewa mtu fulani hubeba namba ya jicho lake la kulia na la kushoto, na mara nyingi hazilingani. Kila moja yahitaji kuoshwa, kupimwa kwa mashine na kuandikwa. Nyingi hutupwa. Nauli ya gunia hilo hununua miwani mipya ya kusomea ya kutosha mtaa.

Wengi wa wale wazee hawana ugonjwa. Mtu akivuka miaka 40, jicho hupoteza nguvu ya kujikunja kwa kitu cha karibu. Fundi cherehani haoni tundu la sindano, mwalimu wa chuoni ausogeza msahafu mbali, mshona kofia aacha kazi. Dawa yake ni lenzi ya kuongeza. Kwa kukadiria: miaka 40 na kitu huanzia +1.00, hamsini +1.50 hadi +2.00, sitini +2.50. Katika kila pea 100 nunueni nyingi kati ya +1.50 na +2.50, chache za +1.00 na +3.00. Asijaribu kwa kuangalia ukutani. Mpeni maandishi madogo, au uzi na sindano, umbali wa sentimita 40, mahali penye mwanga wa dirisha.

Kabla ya hapo apimwe uoni wa mbali kwa ile chati. Chati nyingi ni za mita 6, na mita 6 zipimwe kwa futi ya fundi, si kwa hatua. Ukumbi ukiwa mfupi tafuteni chati ya mita 3. Kwa asiyesoma iko ya herufi E zilizogeuzwa huku na huku, yeye huonyesha kwa vidole upande ilikoelekea. Jicho moja moja, jingine lizibwe kwa kiganja bila kulibonyeza, la sivyo atakapolifungua ataona ukungu na mtaandika namba ya uongo. Mkiona weupe kwenye mboni, huenda ni mtoto wa jicho, na miwani ya kusomea haimsaidii. Jicho jekundu linalouma halingoji Jumamosi nyingine, aende hospitali leo. Mwenye sukari achunguzwe macho na daktari kila mwaka hata kama anaona vizuri. Chama hakitibu. Chama kinapima, kinaandika, kinampeleka mtu, na kinamuuliza baada ya wiki mbili kama alikwenda. Hilo la mwisho ndilo huduma yenyewe, na halina picha.

Kusafisha ufuo nitakusema kwa ufupi. Mlikwenda ufuo wa Pirates saa nne asubuhi siku ya maji mafu, yasiyopwa mbali, ufuo wenyewe ulikuwa kipande. Nendeni siku za bamvua, maji yanapopwa mbali kabisa, siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo au mpevu. Mombasa maji ya bamvua hufika mwisho wa kupwa mwendo wa saa nne asubuhi, basi anzeni saa moja na nusu na muyafuate maji yakishuka. Magunia, si mifuko ya plastiki, iliyopigwa marufuku tangu 2017. Sindano na vioo viingie ndoo ngumu yenye kifuniko, na watoto wasiviguse. Mwani unaoletwa na kusi uacheni, ndio unaoushika mchanga. Na lori liwe limeshalipiwa kabla ya mtu kuinama. Magunia yakilala pale usiku mmoja, bahari itayachukua yote ikurudishie.

Na hiyo mikoko 1,000 anayotaka Ami kuipanda mbele ya wageni, mwambie asiipande kwenye tope tupu la Tudor ambalo halijawahi kuwa na mti. Maji yataing'oa kabla ya mwezi kwisha. Kila mti una mahali pake: mlilana mbele ukiielekea bahari, mkoko nyuma yake, mkandaa na mchu karibu na nchi kavu. Mbegu ndefu ya mkoko hudidimizwa thuluthi yake tu, mita moja kati ya mche na mche, na watu wa misitu waulizwe kwanza. Miche 100 mtakayoirudia kila mwezi ni bora kwangu.

Kuhusu uenyekiti, sisemi Ami ni mbaya. Alituvusha feri kwenda shule Likoni miaka yote ile, mgongoni. Lakini mwenyekiti ni wa mwaka mmoja, na yeye huu ni wa saba. Mwambieni kwa heshima, nyumbani, si mkutanoni. Mama aanze, nyinyi mfuatie.

Hapa ni baridi, kazi ipo, mimi mzima. Usiku nikifungua dirisha hakuna adhana, hakuna harufu ya viazi karai, basi nalifunga.

Nitatuma 47,000, sehemu mbili. Ya kwanza nikiona namba ya akaunti ya huduma na majina ya watia saini watatu. Ya pili nikipata jina la aliyezungumza na kituo cha damu na tarehe waliyompa. Ndani ya mzigo anaoubeba mtoto wa Khalati kuna pea 30 za miwani, zimeandikwa namba kwa kalamu nyekundu. Ile yenye kamba ya buluu, +2.50, ni ya Bibi, usiigawe. Mpe kwanza sindano na uzi, aijaribu dirishani, kisha mnipigie tuongee.

Dada yako